Kuzamia kwa Mtungi kwa Mara ya Kwanza Katika Bahari ya Mediterania: Mwongozo kwa Msafiri Anayetoka Mwanza

Kwa lugha ya mitaani hapa Mwanza, ukimwambia shangazi yako kwamba unakwenda Ulaya kuzamia, ataelewa kwamba huna nia ya kurudi, na huenda akaanza kuulizia nani atabaki na watoto. Maana nyingine ya neno hilo ni nzito zaidi. Mzamiaji, kwa wakazi wa kando ya ziwa, ni mtu anayeitwa wakati wa msiba: ndivyo tulivyowafahamu wazamiaji mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei ikija Mwanza, na ndivyo tulivyowaona tena Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka jirani na kisiwa cha Ukara, ambapo walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai siku mbili baada ya ajali. Si ajabu basi kwamba niliposema nitatoa pesa yangu mwenyewe ili nishushwe chini ya bahari kwa kujifurahisha, nyumbani walidhani natania.

Nilikuwa nakwenda Malta kumtembelea dada yangu anayefanya kazi huko, nikatenga siku moja ya likizo hiyo kwa ajili ya kuzamia kwa majaribio. Tangu nirudi, watu kadhaa wenye safari zao za Italia, Ugiriki na Uturuki wameniuliza jambo hili hufanyikaje, na nimeona ni afadhali niliandike mara moja kwa ukamilifu kuliko kulieleza nusunusu kila ninapoulizwa.

Kuna jambo moja ambalo msomaji anapaswa kulishika kabla ya mengine yote, kwa sababu linatuhusu zaidi sisi tuliokulia ziwani. Wengi wetu tulijifunza maji kwa kuruka kutoka juu ya mawe na kushindana nani atakaa chini muda mrefu zaidi, na sifa yote ilikuwa ni ya yule anayeweza kubana pumzi. Katika kuzamia kwa mtungi, yaani kuzamia huku ukipumua hewa ya mtungi uliofungwa mgongoni, sifa hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Kanuni ya kwanza, ambayo mkufunzi atairudia mpaka uichoke, ni kwamba usibane pumzi hata mara moja. Unavuta na kutoa, polepole, mfululizo, tangu uso unapoingia majini hadi unapotoka.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Aliyewahi kupanda ndege kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ameona chupa ya plastiki iliyofungwa angani inavyobonyea ndege ikitua: hewa iliyomo ndani imebanwa na hewa nzito zaidi ya chini. Majini jambo hilo hutokea kwa kasi kubwa mno, kwani kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo linalolingana na lile la angahewa yote iliyo juu yetu. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya la juu, na mtungi unakupa hewa iliyobanwa kulingana na kina hicho, ndiyo maana unaweza kupumua bila shida. Lakini ukijaza mapafu huko chini, ukabana pumzi na kupanda juu, hewa hiyo itataka nafasi mara mbili ya ile uliyonayo kifuani. Mapafu yanaweza kuumia hata kwa kupanda mita moja au mbili tu namna hiyo, na kwa sababu hiyo bwawa lenye kina kidogo si mahali pa kufanya mchezo. Anayepumua kawaida hewa ya ziada hujitokea yenyewe, wala hahitaji kufanya hesabu yoyote.

Maandalizi yanayofanyika Mwanza

Kuzamia kwa majaribio hakudai uwe mwogeleaji hodari, kwa kuwa mkufunzi hukaa ubavuni pako muda wote, lakini mtu anayeshtuka maji yakimgusa usoni atamaliza saa yake nzima akipambana na woga badala ya kuangalia samaki. Jipe mwezi mmoja kabla ya safari, utafute hoteli ya hapa mjini inayoruhusu wageni wa kutwa kutumia bwawa lake, na ujizoeze mambo matatu tu: kuelea chali bila kushika ukingo, kutumbukiza uso na kutoa pumzi taratibu huku mapovu yakipanda, na kuacha maji yaingie puani bila kukurupuka. Hilo la tatu hudharauliwa, nami nililidharau, na baadaye nitaeleza lilivyonigharimu. Sishauri mazoezi haya yafanyike ziwani. Maji ya pembeni yaliyotulia na kuota majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, sehemu nyingine zina mamba, na kwa jinsi maji ya ghuba yetu yalivyo na ukijani, ukisimama kifuani huvioni vidole vya miguu yako mwenyewe.

Suala la afya linastahili uzito zaidi kuliko kuogelea. Kituo chochote makini kitakupa fomu ya maswali ya kiafya kabla ya kukugusa, na ukijibu "ndiyo" kwenye swali hata moja la msingi, hutaingia majini mpaka daktari aandike kwamba inafaa. Maswali hayo huhusu pumu na magonjwa mengine ya mapafu, moyo, presha, kisukari, kifafa, upasuaji wa karibuni, matatizo ya masikio na sinasi (matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso), na mimba. Mjamzito hazamii kabisa. Kwa Kanda ya Ziwa ningeongeza mambo mawili. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, hata kama alipona miaka mingi iliyopita, aonane na daktari kwanza, kwa kuwa makovu kwenye mapafu yanaweza kunasa hewa wakati wa kupanda. Mwenye seli mundu, ugonjwa ambao kwetu huku si wa kuhadithiwa, naye asithubutu kuingia majini kabla ya kuzungumza na daktari wake, na asiridhike na neno la mkufunzi. Kama una lolote kati ya hayo, ni busara kupimwa hapahapa na kuondoka na barua iliyoandikwa kwa Kiingereza, kwani ukisubiri mpaka uulizwe ukiwa huko utapoteza siku ya likizo na kulipia daktari wa kigeni. Kudanganya kwenye fomu ni kujidanganya wewe mwenyewe. Mkufunzi hana namna ya kuyaona mapafu yako.

Kuhusu bima, watu wengi hudhani wamemaliza kazi kwa kuwa viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, huwezi kuipata bila bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000. Isome bima hiyo ukurasa wa vighairi. Nyingi huitaja michezo ya kuzamia kuwa haimo, au huikubali kwa masharti ya kina fulani na ya kuongozana na mkufunzi. Kuongeza kipengele hicho kabla ya kuondoka ni rahisi kuliko kubishana baada ya tatizo.

Jambo la mwisho la kupanga ukiwa bado nyumbani ni siku. Usiweke kuzamia siku ya mwisho ya safari. Ukiwa chini, mwili hufyonza naitrojeni zaidi ya kawaida, na huitoa taratibu baada ya kupanda. Ukikimbilia kwenye ndege, ambamo shinikizo la hewa ni kama la mlimani, gesi hiyo inaweza kutengeneza mapovu mwilini. Wazamiaji wa burudani hukaa angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa, kabla ya kuruka. Kwa msafiri wa Mwanza, mwenye ndege mbili au tatu mfululizo na nyumbani kwenyewe kukiwa mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, mimi ningeacha siku nzima. Weka kuzamia mwanzoni au katikati, na maduka yabaki mwishoni.

Mahali, msimu na kituo

Bahari ya Mediterania ina haki fulani ya kumpokea anayeanza, kwa kuwa vifaa vyenyewe vilianzia huko: mwaka 1943, kwenye pwani ya kusini mwa Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau alijaribu kipumulio alichokibuni pamoja na mhandisi Émile Gagnan, na mfumo huohuo, ukiwa umeboreshwa, ndio utakaoutia mdomoni. Kupwa na kujaa kwa bahari hiyo ni kudogo sana ukilinganisha na pwani yetu ya Tanga au Dar es Salaam, hivyo ghuba nyingi hutulia. Malta, ambayo ndiyo ninayoifahamu, haina mto hata mmoja wa kudumu unaomwaga tope baharini, na kwa siku nzuri unaona mita 20 au 30 mbele yako. Kwa mtu wa ziwani uwazi huo peke yake unatosha kuwa kioja.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Agosti na Septemba maji ya juu hufika nyuzi 25 au zaidi, lakini chini yake kuna tabaka la baridi ambalo unaliingia ghafla kama mtu aliyefungua mlango wa jokofu. Wakati wa baridi maji hushuka hadi nyuzi 15 hivi, na sioni sababu ya mtu wa Mwanza kujitesa kiasi hicho kwa mara ya kwanza. Miezi ya joto ndiyo pia yenye wageni wengi, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Katika kuchagua kituo, bei isiwe swali la kwanza. Malta vituo vya kuzamia hupewa leseni na mamlaka ya utalii ya nchi hiyo, na huna haja ya kuona haya kuomba kuiona. Uliza mkufunzi ana cheti cha shirika gani la mafunzo ya uzamiaji, PADI, SSI au lingine linalotambulika. Uliza pia ataongoza watu wangapi kwa wakati mmoja. Wakizidi wanne, tafuta kwingine, na wawili ni bora zaidi. Uliza kama wana oksijeni ya dharura mahali pa kuzamia, na kama masomo ya kwanza hufanyika bwawani au kwenye maji ya kiunoni. Hakikisha kuwa maelezo yatatolewa kwa lugha unayoielewa vizuri, maana chini hakuna kuuliza tena. Malta Kiingereza ni lugha rasmi, hivyo sikupata taabu. Kimalta chenyewe kina asili ya Kiarabu, na nilipowasikia wafanyakazi wakihesabu mitungi wakasema "sitta, sebgħa", kisha baadaye "disgħa", nikajua bila kuambiwa kwamba wamefika sita, saba na tisa. Bahari wanaiita "baħar".

Mimi nililipa euro 75, vifaa vikiwa ndani ya bei. Kwa malipo ya aina hii hupewi cheti cha uzamiaji. Unanunua saa chache za kujaribu, na huruhusiwi kushuka zaidi ya mita 12. Wengi wetu tulifika sita au saba, na hakuna aliyelalamika.

Siku yenyewe

Asubuhi kula chakula chepesi, kunywa maji ya kutosha, na usiguse pombe tangu usiku uliotangulia. Ukiamka na mafua, piga simu uahirishe. Hili si suala la ujasiri: mafua huziba kile kimrija kinachounganisha sikio na koo, na kikiziba hutaweza kusawazisha masikio. Dawa ya kuzibua pua nayo si suluhisho, kwa sababu inaweza kuisha nguvu ukiwa chini.

Vifaa vitakutisha kwa uzito wake nchi kavu, kisha uzito huo utatoweka ukiingia majini. Suti ya kuzamia ni ya mpira mzito, mara nyingi ya milimita 5, na hubana kiasi kwamba kuivaa ni kazi ya watu wawili. Inafunika mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni, hivyo mwanamke anayejali stara hana la kuhofia, na nilimwona dada mmoja aliyevaa kofia ya mpira huohuo juu yake akafunikwa nywele zote. Aliyesuka rasta nene amwambie mkufunzi mapema ili mkanda wa miwani ukae vizuri, na mwenye masharubu mazito ajue kwamba maji yatapenya kidogo puani. Juu ya suti huvaliwa jaketi la kuelea, linalojazwa au kupunguzwa hewa kwa kubonyeza kitufe, na mtungi hufungwa mgongoni mwa jaketi hilo. Mtungi huo si wa oksijeni kama ile ya wodini, ingawa kila niliyemsimulia hapa alisema "mtungi wa oksijeni". Umejaa hewa ya kawaida, hii tunayoivuta, iliyosafishwa na kushindiliwa hadi bar 200 hivi (bar ni kipimo cha shinikizo). Geji inayoning'inia pembeni inakuonyesha zimebaki ngapi, na unatakiwa uwe umerudi juu kabla ya kufika bar 50. Kiunoni au mifukoni utawekewa vipande vya risasi, ile metali nzito, ili uweze kuzama. Nilishangaa kuongezewa vipande zaidi ya nilivyotarajia, mpaka mkufunzi akanikumbusha kwamba maji ya bahari hiyo yana chumvi ya takriban gramu 38 kwa lita, na chumvi hukunyanyua juu kuliko ziwa linavyofanya.

Kabla ya kuvaa miwani, mkufunzi aliitemea mate, akayasugua kwenye kioo kwa kidole, akaisuuza baharini na kunirudishia. Bibi yangu hutemea mate watoto anaowabariki, kwa hiyo sikushangaa sana. Hapa kusudi lake ni kuzuia kioo kisiingie ukungu. Omba uteme mwenyewe.

Ishara za mikono ndizo lugha pekee ya chini, na iko moja itakayokuponza. Dole gumba lililonyanyuliwa, ambalo kwetu ni "poa kabisa", huko linamaanisha "napanda juu" au "tupande". Ukilionyesha, safari imeisha, na mkufunzi ana wajibu wa kulitii. Ishara ya kwamba uko salama ni duara la kidole gumba na cha shahada, vile vingine vitatu vikiwa vimenyooka. Kiganja kinachotikiswa huku na huku ni "kuna tatizo", kisha unaonyesha mahali lilipo: sikio, miwani, mguu. Kiganja kinachopitishwa kooni ni "sina hewa". Nilipewa dakika kumi za kuzirudia ufukweni, na bado mara ya kwanza niliulizwa chini kama ni mzima nikajibu kwa dole gumba, tukapanda wote wawili bila sababu.

Masomo ya maji ya kiunoni ni mawili au matatu. La kwanza ni kupumua kwa mdomo tu, na hapo ndipo niligundua jinsi mwili unavyobisha. Akili inajua kwamba hewa ipo, lakini kifua kilichozoea ziwa kinajifunga chenyewe mara uso unapozama. Niliambiwa nihesabu: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Sauti ya kuvuta ni mkwaruzo mkavu, ya kutoa ni mgurumo wa mapovu yanayopita kando ya masikio, na baada ya dakika tatu au nne sauti hizo mbili zikawa ndizo zinazonituliza. La pili ni kukitoa kipumulio mdomoni, kukirudisha, na kupuliza maji yaliyoingia. Wakati kimetoka mdomoni, endelea kutoa vipovu vidogo, usibane.

La tatu ni kuondoa maji kwenye miwani, na hapa ndipo nilipolipia uvivu wangu wa bwawani. Unaachia maji yaingie mpaka usawa wa pua, unaangalia juu kidogo, unabonyeza ukingo wa juu wa miwani kwa vidole, kisha unapuliza kwa pua, na hewa inayasukuma maji yatokee chini. Kwa maelezo ni rahisi. Maji yaliponigusa pua nilivuta badala ya kupuliza, chumvi ikanipanda hadi kichwani, nikasimama nikikohoa huku miwani ikiwa kwenye paji la uso na mtoto wa miaka kama kumi na miwili, aliyekuwa mwenzangu wa zamu, akinitazama kwa huruma. Nilirudia mara nne. Ukishindwa, sema unataka kurudia. Kituo kinachokuharakisha hapo hakistahili pesa yako.

Ndipo mnashuka. Kushuka kwenyewe ni kazi ya masikio. Ni hisia ileile ya ndege inapoteremka kutua, ila inakuja mapema: ndani ya mita ya kwanza tu utahisi mgandamizo. Bana pua kupitia ule mpira laini wa miwani, funga midomo kwenye kipumulio, na upulize taratibu kana kwamba unapenga kamasi, mpaka usikie masikio yakifunguka. Fanya hivyo kabla hujahisi maumivu, na urudie kila baada ya nusu mita. Likigoma sikio moja, onyesha ishara, panda kidogo, jaribu tena. Usipulize kwa nguvu, na usishuke juu ya maumivu kwa kumwonea haya mwenzako aliyekwisha kutangulia. Kila mtu ana masikio yake, na wapo wanaochukua dakika tano kufika mita tatu.

Ukifika, mwili unatakiwa ulale kama mtu aliyelala kifudifudi kitandani, mikono ikiwa imetulia kifuani. Tabia ya kupiga maji kwa mikono, tuliyojifunza ziwani, huku inakumalizia hewa na kutimua mchanga. Miguu ndiyo inayofanya kazi, kwa mateke marefu ya polepole kutoka nyongani. Mapezi yako yakae mbali na majani ya Posidonia, ambayo utayaona yametanda kama shamba la mpunga linalopepea. Si mwani; ni mmea kamili wenye mizizi na maua, unaokua polepole mno na unaolindwa kisheria, na samaki wadogo hukulia humo. Anayetoka kwetu, aliyezoea kuona gugumaji likilaaniwa, inabidi abadilishe mtazamo kidogo.

Nilichokiona mimi hakikuwa kikubwa. Chini ya jiwe lililozungukwa na magamba matupu ya kombe, mkufunzi alinyoosha kidole, nami kwa nusu dakika sikuona chochote isipokuwa jiwe. Kisha sehemu ya jiwe ikapumua. Jicho lenye kope nene likanigeukia, ngozi ikabadilika kutoka kahawia hadi kijivu chenye vipele, na mkono mmoja wa pweza ukatoka taratibu, ukagusa gamba moja na kulisogeza kama mtu anayefunga mlango wa duka. Sikumgusa, na wewe usiguse kitu chochote, kwa heshima na kwa usalama: urujuani unaong'aa wa yule kiwavi-bahari (jellyfish) mdogo wa Mediterania, Pelagia noctiluca, unapendeza, lakini mikia yake inachoma. Akikupata, suuza kwa maji ya bahari, si maji baridi ya bomba, na umwambie mkufunzi.

Fahamu pia kwamba macho yatakudanganya. Vitu vinaonekana vikubwa kwa karibu theluthi moja na kana kwamba viko karibu kuliko umbali wake wa kweli, na rangi nyekundu hufifia ndani ya mita chache za kwanza, ndiyo maana picha za simu zilizopigwa chini huwa za bluu tupu. Sauti nayo husafiri kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, hivyo utasikia injini ya boti bila kujua iko upande gani. Kwa sababu hiyo usipande juu peke yako hata kidogo.

Kupanda ni polepole kuliko mapovu yako madogo kabisa, ukiangalia juu, ukipumua mfululizo. Hapa ndipo kanuni ya mwanzo inapohitajika kuliko mahali pengine, na hapa ndipo mkufunzi atakushika jaketi, kwa kuwa hewa iliyomo ndani ya jaketi nayo hutanuka na inaweza kukurusha juu kama chupa tupu.

Baada ya kutoka majini

Utachoka kuliko ulivyotarajia, na utasikia kiu na njaa. Kunywa maji, ukae kivulini, na siku hiyo usifanye mazoezi mazito wala kupanda milima. Maji kidogo ya chumvi yatakutoka puani ghafla wakati wa chakula cha jioni, ni kawaida. Damu kidogo iliyochanganyika na kamasi humaanisha kwamba ulilazimisha masikio au sinasi, nawe usizamie tena safari hiyo bila ushauri wa daktari.

Yapo mambo yasiyo ya kawaida, yanayoweza kuwa dalili za yale mapovu ya gesi mwilini: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, madoa ya ngozi, kifua kubana, au uchovu usioelezeka ndani ya saa 24 za kwanza. Kwa kuzamia kufupi na kwa kina kidogo ni nadra, lakini yakitokea, kituo kipigiwe simu mara moja. Malta hospitali ya Mater Dei ina chumba maalumu cha shinikizo cha kutibu maradhi ya wazamiaji. Tatizo ni pale dalili zinapojitokeza ukiwa umekwisha kurudi nyumbani, kwa kuwa viungo vinavyouma na uchovu, kwa mkazi wa Mwanza, jibu lake la kwanza ni malaria. Pima malaria, ndiyo, lakini mwambie daktari bila kuulizwa kwamba ulizamia kwa mtungi, kina gani, na ulitoka majini tarehe na saa ngapi.

Ukiona umependa, hatua inayofuata ni kozi kamili ya siku tatu au nne, inayokupa cheti cha kushuka hadi mita 18 na inayodai uogelee mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10. Omba kituo kikuandikie kumbukumbu ya ulichofanya siku hiyo, kwani vituo vingine hukihesabu kama sehemu ya kozi. Wala si lazima urudi Ulaya kuimalizia: Unguja, Pemba na Mafia kuna vituo vinavyofundisha kozi hiyohiyo, maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima, na huhitaji viza.